Chip ya Zamani

Jumapili jua likizama nilipanda ngazi za jengo letu hapa Nyeri mjini, nichapishe karatasi moja tu. Moja! Mimi Gathoni, mwenye saiba, kiduka cha kompyuta, ninayechapishia watu kadi za harusi na programu za mazishi wiki nzima, siku hiyo nilitaka karatasi yangu moja.

Binti yangu Nyawira alikuwa amelazwa, nimonia, kifua kinapanda na kushuka hata huwezi kumtazama. Daktari alitaka ahamishiwe hospitali nyingine yenye mashine ya kupumulia, jioni hiyohiyo. Watu wa bima nao wakataka nakala ya cheti cha kuzaliwa. Nikawaonyesha kwa simu. Wakasema karatasi. Saiba zote zimefungwa, wenyewe wako makwao wanakunywa chai. Nikashukuru Mungu kwamba ufunguo wa yangu ninao.

Printa ikakataa.

Katriji nyeusi ilikuwa imeisha wino jana yake, kwa hivyo niliweka mpya kutoka kwa boksi. Taa nyekundu ikawaka. Haitambui katriji.

"Wewe nawe! Leo?" nikaifokea.

Nikaitoa. Nikaangalia kama karatasi ya kuziba imebaki. Nikapangusa shaba zake kwa pamba na spiriti, nikairudisha mpaka ikalia *tak*. Haitambui. Nikazima kila kitu, nikachomoa waya ukutani, nikangoja huku nauma kucha. Nikawasha. Haitambui! Nikaipiga kofi mashine ya watu kana kwamba ni mtoto mtukutu.

Simu ikalia. Mama mkwe wangu, aliyebaki kando ya kitanda.

"Mama Nyawira, harakisha. Mtoto anapumua vibaya."

Nyuma ya sauti yake nilisikia *ko, ko*. Alikuwa akigonga kifuniko cha kikopo chake cha ugoro kwa ukucha, kama kawaida yake akiwa na wasiwasi.

"Maitu, mwambie Shosho nakuja. Mwambie Mami anakuja sasa hivi!"

Hapo lazima nieleze, maana yote yalianzia hapo. Kwetu msichana wa kwanza hubeba jina la mama wa baba yake. Mama mkwe ni Nyawira, na binti yangu ni Nyawira. Ili tusichanganye, mama mkwe namwita Maitu, yaani mama yangu, na mtoto, kwa mzaha, nyumba nzima tunamwita Shosho, yaani bibi. Ana miaka sita, na ukimwita hivyo anacheka na kushika kiuno kama bibi kizee. Mimi ananiita Mami. Maitu hajawahi kuniita ila Mama Nyawira.

Nikakata simu. Nikaweka kichwa juu ya printa, nikalia kwa sauti.

"Chukua chochote," nikasema, sijui nikimwambia nani. "Chochote. Niachie mtoto wangu."

Harufu ikaja kwanza. Udongo uliochimbwa sasa hivi... na jivu lililomwagiwa maji.

"Imekataa kujua mgeni?"

Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amepiga hodi. Wa rika langu tu, sweta ya kijani, gambuti zenye tope mpaka magotini. Mvua haikuwa imenyesha wiki hiyo.

"Tumefunga, mama," nikamwambia.

"Ya zamani iko wapi?" akanong'ona.

"Nini?"

"Katriji. Ile imeisha. Si mnatoanga chip yake, mnabandika kwa hii mpya? Printa inadhani ni ile ile."

Ujanja huo tunaujua sisi wa kazi hii. Nilikuwa nimechanganyikiwa hata nikausahau! Nikapekua pipa la takataka, nikaipata ile ya zamani. Nikabandua chip, kile kibati chake cha shaba, kwa wembe, nikaipaka gundi nyuma na kuibandika mahali pa ile nyingine.

Mwanamke alikuwa amesogea. Sikusikia hatua zake. Alikuwa anasoma cheti kwenye kioo cha kompyuta.

"Nyawira," akasema polepole. "Hiyo jina iko na watu wawili."

Nikageuka kumtazama.

"Mmoja anaenda leo," akanong'ona. "Nani abaki?"

Ungekuwa wewe ungemfukuza. Ungekemea kwa jina la Yesu. Mimi nilikuwa na mtoto anayekata pumzi, na sikutaka kuulizwa mara ya pili.

"Shosho!" nikapiga kelele. "Shosho abaki! Nakuomba, Shosho!"

Akatabasamu kidogo.

"Shosho. Umesema wewe."

Nikasukuma katriji ndani.

*Tak.*

Taa ya kijani. Printa ikanguruma, karatasi ikatoka ya moto, ikinuka udongo. Nilipogeuka kumshukuru hakukuwa na mtu. Sakafu ilikuwa kavu, hakuna hata alama ya tope.

Sikungoja kujua. Nilishuka ngazi mbio na karatasi mkononi, kiatu kimoja kikabaki njiani, nikakimbia hivyo hivyo mpaka wodini.

Maitu alikuwa amejikunja kwenye kiti kando ya kitanda. Kikopo cha ugoro kilikuwa kimeanguka sakafuni. Aliponiona alininyooshea mikono yote miwili.

"Mami," akasema. Sauti nyembamba, inakwaruza. "Mami... nibebe."

Nilidhani uchovu umemchanganya. Akanishika sketi, akaishika kwa nguvu, macho yamejaa machozi. Lakini juu ya kitanda nilikuwa nimemwona binti yangu ameketi! Ameketi mwenyewe, bomba la oksijeni limetolewa puani, uso umerudiwa na nuru.

"Ngoja kidogo, Maitu," nikasema. Nikabandua vile vidole vya mzee kimoja kimoja, nikampita.

Nikamkumbatia mtoto wangu. Moto wa homa ulikuwa umeisha. Anapumua vizuri, jamani, anapumua kama mimi na wewe! Nililia kwa furaha mpaka shingo yake ikalowa.

Nyuma yangu nesi akapaza sauti.

"Mama! Huyu mzee wenu hapumui!"

Wakaja mbio, wakamlaza Maitu sakafuni, wakambonyeza kifua. Nilijua kutoka kwa nyuso zao kwamba hakuna kitu tena. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka upande wangu.

Binti yangu hakulia. Aliteremka kitandani, akainama taratibu, mkono kwenye kiuno, akaokota kile kikopo. Akakishika vizuri kwenye kiganja.

*Ko, ko.* Kwa ukucha.

Kisha akanitazama kwa huruma, akanifuta shavu kwa kidole gumba.

"Wacha kulia, Mama Nyawira," akasema. "Mtoto ako wapi?"