Mnyoo Asiyehama

Likizo ile, kila asubuhi Chapuchapu alifuatana na mama yake kazini, kwenye maabara ya utafiti wa bahari. Walivua viatu mlangoni, wakanawa mikono, kisha kila mmoja akaketi mbele ya kompyuta yake. Nyuma yao rafu zilijaa chupa za wanyama wasio na uti wa mgongo waliotolewa kwenye sakafu ya bahari: minyoo, kaa, konokono, na wengine wasiofanana na chochote.

Mama alikuwa akitengeneza hifadhidata, yaani jedwali kubwa la tabia za wanyama hao. Kila mnyama alikuwa na mstari wake: hula nini, huishi miaka mingapi, hutembea au hukaa mahali pamoja. Chapuchapu alinakili kutoka kwenye kadi za watafiti.

"Kadi isiposema, acha kisanduku kitupu," Mama alimwambia. "Usinijazie ya kwako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alisikia vizuri. Lakini kompyuta ilionyesha asilimia ya visanduku vilivyojazwa, na fundi wa maabara hakuishiwa utani.

"Siku ya tatu, asilimia sitini tu? Tukubadilishe jina, tukuite Polepole!"

"Subiri, mjomba. Utaona."

Kesho yake alikutana na mnyoo mwekundu ambaye kadi yake haikusema kama hutembea. Minyoo wote aliowahi kuwaona bustanini walitembea. Akaandika "hutembea". Kompyuta haikulalamika. Akajaza kisanduku kingine kwa kukisia, na kingine. Ijumaa jedwali lilifika asilimia mia. Fundi akampigia saluti.

Wiki tatu baadaye, wakila chakula cha jioni, Mama alisema, "Jedwali letu limeanza kazi. Mhandisi wa bandari alitafuta mahali baharini pa kumwaga matope yanayochimbwa bandarini. Amechagua penye wanyama wanaoweza kuhama. Eneo la kwanza wamemaliza leo, la pili kesho asubuhi."

"Wanyama gani, Mama?"

"Wengi ni yule mnyoo mwekundu."

Kijiko cha Chapuchapu kilisimama hewani. Angenyamaza, nani angejua? Kisio lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi zile zile kama ukweli wa watafiti. Lakini kesho asubuhi ilikuwa karibu mno.

"Mama, kadi ya yule haikusema kama hutembea. Nilikisia tu."

Mama hakupiga kelele. Alisukuma sahani, akampigia simu mtafiti mkuu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anajijengea mrija wa mchanga," alisema alipomaliza. "Hatoki humo mpaka afe. Ukimfunika, umemzika."

Akampigia mhandisi. Eneo la pili likasimamishwa. La kwanza halikuwa na dawa.

Wiki nzima iliyofuata Chapuchapu alizipitia kadi zote upya, akafuta kila alichokisia. Asilimia ikashuka hadi sabini na moja. Fundi alipita nyuma yake mara kadhaa, na safari hii hakutania. Mara nyingine Chapuchapu aliinua macho akaitazama chupa ya mnyoo mwekundu, kisha akayarudisha haraka kwenye kadi.

"Umesema kweli, na umeokoa eneo la pili," Mama alimwambia. "Kwa hilo nakushukuru. Lakini ungetii tangu mwanzo, maeneo yote mawili yangeokoka. Usipojua, sema hujui. Si aibu. Aibu ni kumfanya mtu afanye kazi yake akitegemea kitu ulichobuni."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa mnyoo yule. Alirekebisha: "hukaa mahali pamoja". Kisanduku kilichofuata kiliuliza ni miaka mingapi hupita kabla hawajarudi mahali palipoharibiwa.

"Mama, watarudi baada ya miaka mingapi?"

"Kadi inasemaje?"

Aliigeuza pande zote mbili.

"Haisemi."

"Haya."

Chapuchapu alikitazama kisanduku kile. Alitamani sana kuandika namba ndogo. Akakiacha kitupu.