Sauti Iliyomwita Saleha

Wageni walituchelewesha kwenye maji ya moto.

Nilikuwa dereva wa nyumba moja ya wageni pale mjini Tanga, na kazi yangu nyingine ilikuwa kuwatembeza wasafiri walioshuka melini. Asubuhi nawapeleka magofu ya Tongoni, mchana kwenye maji ya moto yanayonuka kiberiti, na mwisho mapango ya upande wa Amboni kabla jua halijazama. Mwaka huo wa 1954 walikuja Himyar bin Amur na mkewe Aliya, watu wa Unguja, vijana wacheshi. Haikuwa vizuri Aliya atembee porini na wanaume wawili bila mwanamke mwenzake, kwa hiyo nilimchukua mke wangu Saleha amsindikize.

Nilikuwa na sababu nyingine pia. Saleha alikuwa hajacheka tangu afiwe na mama yake.

Mama mkwe alifia Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Habari za ugonjwa zilipotufikia tuliondoka siku ile ile, tukakuta mto umefurika na hakuna mwenye chombo aliyethubutu kuvusha watu. Tulikaa ukingoni tukitazama maji mekundu yakipita. Tulipovuka hatimaye, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Jirani mmoja, kwa nia njema nadhani, akamwambia Saleha, "Alikuita mpaka sauti ikamkauka, mwanangu. Saleha, Saleha... Hapakuwa na wa kumwitikia."

Aliyelelewa kwetu anajua uzito wa maneno hayo. Saleha alifundishwa na mama yake huyo huyo kwamba mkubwa akikuita huulizi ni nani, wala hungoji aite mara ya pili. Unaitika "abee" papo hapo, hata kama una tonge kinywani. Adabu hiyo ilikuwa imemwingia kama pumzi.

Lakini siku ile alicheka. Himyar alikuwa akimtania mkewe kwa kukataa kutoka majini.

"Ningekuacha kidogo tu, ningekuta supu."

"Na ungeinywa," alisema Aliya. "Wewe cha bure hukikatai."

Nikasikia kicheko cha Saleha nyuma yangu garini, nikaona safari imekwisha kufaa.

Pango nililowapeleka si lile kubwa waendalo wengi. Ni dogo, ukingoni mwa Mkulumuzi, na watu wa vijiji vya jirani huweka nadhiri zao humo. Tulivua viatu. Nikabisha hodi, nikawasha karabai, tukaingia. Taa ilionyesha vipande vya kaniki na vya nguo nyeupe vimefungwa kwenye mizizi, vichupa vya marashi, vigae vyenye majivu ya ubani. Harufu ya popo ilikuwa nzito.

"Humu hatuitani majina," niliwaambia. "Ukimtaka mwenzako, mguse bega."

"Kwa nini?" aliuliza Himyar.

"Wazee hawakutuambia kwa nini. Walitukataza tu."

Himyar hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni aliyefurahi, basi. Akaweka viganja mdomoni, akaliita jina lake mwenyewe. Pango likamrudishia, mara kubwa, mara ndogo, mpaka jina likafia mbali. Akacheka kama mtoto. Akataka kumwita Aliya.

"Mimi niache," Aliya alimkanya. "Mama hakunizaa nije niitwe mashimoni."

"Basi mwenzako."

Akaita. Kwa sauti kubwa, ya mzaha.

"Saleha."

Pango halikumrudishia kitu.

Tulisubiri. Tone la maji likaanguka mahali fulani... likaanguka jingine. Popo waliokuwa wakichakarika juu yetu wakatulia. Kisha harufu yao ikaondoka, ikaja nyingine niliyoijua tangu msibani Ushongo: mafuta ya nazi yaliyochacha, na mkeka aliolala mgonjwa siku nyingi.

Kule ndani, mwanga wa karabai usikofika, ikatoka sauti. Haikuwa ya Himyar. Ilikuwa ya mwanamke, nyembamba, kavu, kama ya mtu aliyeomba maji tangu alfajiri asipewe.

"Saleha..."

Nilinyoosha mkono kumziba Saleha mdomo. Sikuwahi.

"Abee, mama."

Tulitoka haraka, tukarudi mjini. Himyar aliposhuka garini alinishika mkono, akasema, "Sikujua, ndugu yangu." Nilimwamini. Hata leo sijamlaumu, wala sijamlaumu yule jirani wa Ushongo.

Nyumbani kwetu Usagara, pale pale mjini Tanga, mambo yalianza taratibu. Saleha yuko uani anakuna nazi, jua linazama, mara anainua kichwa. "Abee." Hakuna aliyemwita. Mwanzoni alikuwa akiitika hapo hapo kwenye mbuzi ya nazi. Baadaye akawa anaitikia mlangoni. Baadaye tena, barabarani. Jioni moja nilimkuta mbali na nyumba, hana viatu, ameshika kata ya maji mkononi, uso ameuelekeza njia ya Amboni.

"Unakwenda wapi?"

"Ananiita nisogee," alisema. "Kila nikiitika, ananiita kutoka mbali kidogo."

Mama yangu, Bi Semeni, tuliyekuwa tukiishi naye, hakumgombeza. Alimkalisha, akamwosha miguu, kisha akaniambia, "Anayetakiwa ni Saleha. Basi humu ndani Saleha hayupo. Kuanzia leo huyu ni Sabiha. Mwite hivyo, naye aitikie hivyo, hata usingizini."

Mfa maji hushika maji. Tulimwita shehe akatusomea Yasini, tukafukiza ubani, tukabadili na jina.

Ikasaidia. Jioni zikapita bila yeye kuinua kichwa. Akabaki nyumbani, akapika, akafua. Lakini alikuwa akikonda, na kila nikimwita Sabiha alichelewa kidogo kabla ya kuitika, kama anayetafuta kiatu gizani.

"Mnaniita jina la mtu," aliniambia siku moja. "La kwangu amebaki nalo mama peke yake."

Jioni ile mvua ilikuwa ikinyesha. Mama yangu alikuwa amekwenda hitimani. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, nasi tumekaa chumbani, taa ya koroboi iko kati yetu. Harufu ndiyo iliyotangulia. Mafuta ya nazi. Mkeka. Niliitambua, nikatumaini kwamba ni mimi tu niliyeisikia.

"Unasikia?" alininong'oneza.

"Nini?"

"Anaita kwa tabu sasa. Kama siku ile aliyokufa."

Nami nikasikia. Kwa mara ya kwanza tangu pangoni. Ilitoka nje ya ukuta, chini, karibu na msingi, kama ya mtu aliyelala chali chini ya dirisha letu mvuani.

"Saleha... Saleha..."

"Si mama yako huyo."

"Pengine si yeye," alisema. "Na kama ndiye?"

Niliweka kiganja changu juu ya mdomo wake. Hakupinga. Aliweka mkono wake juu ya wangu akaukandamiza, kwa nguvu zaidi kuliko nilivyothubutu mimi, na machozi yake yakawa yakipita kati ya vidole vyetu. Nilihisi neno limemjaa kinywani. Kifua chake kilipanda kikakwama.

Nje, sauti ilikuwa ikiisha. Jina likawa nusu ya jina.

"Sale..."

Ikawa pumzi tu.

Ikakoma.

Tulikaa hivyo, tumeshikana, na mvua ikanyesha. Nikafikiri, tumepona. Nikafikiri pia, Mungu anisamehe, tumemwacha mzee wa watu afe peke yake mara ya pili.

Kisha nje, mtu akaitika.

"Abee, mama."

Ilikuwa sauti ya Saleha.

Mdomo wake ulikuwa chini ya mkono wangu, umefumbwa. Haukutikisika. Macho yake yalinikodolea, nikajua naye ameisikia.

"Nimekuja, mama. Mto ulitukataza. Nimekuja."

Kikasikika kilio kidogo, cha mzee, cha furaha au cha uchungu, sikuweza kutofautisha. Kisha nyayo za watu wawili kwenye matope, mmoja akiburuta miguu, mwingine akimngoja. Zikaondoka polepole mpaka mvua ikazifunika.

Bi Semeni aliporudi alitukuta tungali tumekaa vile vile. Nilipomweleza, alifikiri sana, akasema kwamba aliyeitika pangoni siku ile huenda hakutoka pamoja nasi. Kwamba tulirudi na sehemu ya mke wangu, na sehemu nyingine ikabaki kule ikisubiri kumpata inayemtafuta. Shehe aliyetusomea alisema shetani hujua kuiga sauti zote, ya mama na ya mwana. Mwalimu mmoja rafiki yangu alisema watu wawili wenye huzuni moja wanaweza kusikia jambo moja. Nimewasikiliza wote. Kila mmoja nimemwona ana haki kidogo.

Mke wangu hakuitwa tena na chochote. Tulimrudishia jina lake. Lakini ukimwita Saleha hageuki, na ukimwita Sabiha hageuki. Si kiburi. Hulisikiliza lile jina kwa makini, kama anayepewa habari za jamaa aliyehamia mbali, akingoja umwambie anaendeleaje.

Tumezaa, tumelea, tumezeeka kidogo. Ni mke mwema. Na bado zipo jioni za mvua anapojilaza kitandani akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Uweso, yule aliyekwenda... unadhani anamtunza mama?"

"Anamtunza," humjibu.

"Heri yake," husema, na hugeukia ukutani, upande wa dirisha.