Mkono wa Tatu Ndani ya Kanda

Tone la kwanza lilianguka saa nne asubuhi, jua la kaskazi likichoma, mtaa mzima wa Bofu haujaona mvua mwezi wa pili huo. Lilianguka katikati ya kiganja cha Mwanarehema, bi harusi, likaharibu ua la hina lisilokauka bado.

"Bati lako lavuja, shoga?" akauliza Mwanasaumu, mamake bi harusi.

"Bati livuje jua hili?" Mwanatabu, mwenye nyumba, akalipangusa tone kwa ncha ya leso. Lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Hakutazama juu. Alijua kilichoko juu, ndiyo maana hakutazama.

Mimi si mtu wa kusema watu, lakini hili lilisemwa hadi Mtongwe, nikinyamaza mimi litapungua nini?

Mwanatabu alikuwa fundi wa hina, na mikono yake ilikuwa na sifa, ila sifa hazikumtosha. Mwaka ule wa tisini na tatu kila harusi ilikuwa na kanda yake ya video, naye akataka kanda ya kazi yake, izunguke kwa wanawake, mafundi wa mjini wanune. Lakini bi harusi gani wa heshima atakubali sura yake itazamwe na kila mwenye deki ya video? Basi ipigwe mikono tu, kutoka juu. Kamera aliazima siku moja kwa Gershom, mpiga picha wa Mikindani, lakini miguu mitatu ya kuisimamishia alikataa kuitoa. Wala isingefaa, kamera ikikaa juu ya miguu ile haiinami ikatazama chini wima. Kilichotakikana ni ubao mrefu wa kulazwa juu ya makabati mawili, wenye tundu katikati la kupitisha jicho la kamera.

Ubao kama huo Mwanatabu alijua uliko. Mumewe, Faki, ndiye mtunza msikiti, na funguo huzitundika msumarini nyuma ya mlango. Stooni mwa msikiti mna ubao wa mvule, na tundu lake la katikati ni la kupitisha maji. Maji gani? Ya kuoshea maiti.

Aliuchukua Faki amevuka ng'ambo, mjini, akauviringisha leso mbili, tundu tu likabaki wazi, akaulaza juu ya makabati, na wageni akawaambia ni wa seremala.

"Mbona kwanuka kafuri?" Mwanasaumu akanusa.

"Shuka za sandukuni hizo."

Uongo wa pili huo. Matone yakaendelea, ti, ti, ti, na kila moja lilianguka pale pale, nayo harufu ya kafuri, ile watiwayo maiti, ikashuka kama moshi usiopanda, ikamkaa Mwanatabu kooni, na mkono wake ukawa mzito, ukapaka bila yeye kuuelekeza, hata bakuli zima la hina, la kutosha mikono na miguu, likaisha kabla hajamaliza kiganja cha kushoto, naye hakumbuki alikoipeleka.

Kesho yake alasiri wanawake wakajaa kwa Mwanasaumu kuitazama kanda. Kafedha, jirani yao Mgiriama, ulimi haumlali.

"Mwanatabu, watuonyesha mikono tu? Sura waionea haya?"

Wakacheka. Kwenye televisheni viganja viwili vya bi harusi vililala juu ya mto, na mkono wa Mwanatabu na kijiti chake ukizunguka maua. Kisha Kafedha akaacha kucheka.

"Na hicho kiganja cha nani?"

Kilikuwa kimeingia polepole upande wa juu, cheupe, kimekunjamana kama kilicholala majini siku nyingi, kikajitandaza kando ya viwili vile, kikangoja. Na mbele ya macho ya wanawake wote, mkono wa Mwanatabu ukamwacha bi harusi, ukaenda kukipaka, ua kwa ua, kwa upole kama mtu ampakaye mwanawe.

Mwanarehema akapiga ukelele. Hina ilikuwa ikimtoka viganjani, na ngozi yake ikikunjamana kama ile ya kwenye kanda. Harusi ni kesho kutwa.

Akaitwa Mwinyihaji, mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenye kujua mambo ya majini na mashetani. Alisoma hadi sauti ikatoka kinywani mwa Mwanarehema, sauti ya mtu mzima, imejaa maji.

"Mimi mwenye ubao. Mmenianika watu wanitazame."

"Ubao gani?" Mwinyihaji akauliza. "Jamani, nani ajuaye?"

Mwanatabu alijua. Akatazama mkeka. Mikunjo ikapanda vifundoni mwa yule mtoto, ikapanda hadi viwiko, na mamake akawa amshika amwita, "Rehema, mwanangu, Rehema!" na Mwanatabu bado atazama mkeka, kwa sababu nyuma ya pazia, pamoja na wanaume, alikuwa Faki.

"Ni mimi," akasema mwisho, kwa sauti ya kuku mgonjwa. "Niliuchukua msikitini. Ubao wa maiti."

 Nyuma ya pazia Faki akasema, taratibu, "Kwa funguo zangu, mke wangu?" Wallahi, afadhali angempiga.

Mwinyihaji akamwamuru aurudishe mwenyewe, kichwani, mchana, bila kuufunika. Akapita nao Bofu yote, watu wamesimama milangoni, hakuna aliyemwambia hata pole. Alipoufikisha stoo, mikono ya Mwanarehema ikakauka, na hina ikarudi nyekundu ya kupendeza. Jumapili akaolewa. Kanda ikachomwa.

Siku ya tatu baada ya harusi Faki akarudi kutoka msikitini, akakaa kitako bila kuvua kofia.

"Ule ubao uliupaka?"

"La! Sikuupaka."

"Una maua. Yamelizunguka tundu. Nimesugua kwa mchanga, yazidi kuiva."

Mwanatabu aliyajua bila kuyaona. Ni ua lake la hina, alilobuni mwenyewe, ambalo hajamfundisha mtu.

Maiti wa Bofu bado waoshwa juu ya ubao ule, na waoshaji wote wajua ua ni la nani. Yeye hapaki hina tena. Huketi barazani ameficha viganja chini ya mapaja, akijua siku yake ya kufa haina budi kufika, na kwamba atalazwa chali juu ya ubao ule, mbele ya wanawake wale wale.