Pinki ya Ndani ya Mdomo

Jumamosi ile asubuhi dada yangu alikuwa na tatizo moja tu duniani: pinki ipi. Harusi ilikuwa kesho yake. Gauni lilikuwa tayari, viatu vilikuwa vimeshamchubua kisigino, na sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi wa kucha, mikono juu ya taulo, anaugua kwa ajili ya rangi. Mimi nilikuwa pembeni nimemshikia mkoba, kazi ambayo kila mdogo wa mtu huzaliwa nayo.

Fundi alitoa ubao wa sampuli, kucha za kubandika zimepangwa kuanzia pinki nyepesi hadi ile inayopiga kelele. Dada akajaribu ya kwanza.

"Umeshika chaki," nikamwambia.

Akajaribu nyingine, inayowaka.

"Hiyo ukipunga mkono magari yatasimama."

"Huyu mdogo wako ana mdomo," fundi akasema.

"Amezaliwa nao. Tumeomba mpaka tumechoka."

Fundi yule alikuwa mama mnene, wa taratibu, na alikuwa na njia yake ya kuchagua. Hakuangalia mkono. Alisema ngozi ya nje inadanganya, imepikwa na jua na kupakwa mafuta. "Pinki ya mtu iko ndani ya mdomo wake. Hebu vuta mdomo wa chini." Dada akauvuta, na fundi akawa anasogeza ukucha mmoja mmoja kwenye ile nyama laini ya ndani, anakunja uso, anatikisa kichwa, anarudisha. Nilicheka mpaka mkoba ukaanguka.

Hapo ndipo bwana harusi alipoingia na soda tatu. Nyumbani tulimwita Mpole, hata mama alimwita hivyo. Hakuwahi kupaza sauti. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo hadi shingoni kama kawaida yake, hata siku za joto. Alikuwa amefiwa na mke. Alituambia mkewe aliteleza bafuni, na mama akasema mwanamume aliyefiwa anajua thamani ya mke. Mimi sikumpenda. Sikuwa na sababu, ila kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya cha yule mtu kilikuwa kingi mno.

Akautazama ubao. "Hakuna hata moja hapa," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Ile iliyofifia huna? Kama waridi lililokauka. Marehemu mke wangu alikuwa anapendeza nayo sana. Nilikuwa namchagulia mimi."

Dada akanitazama kwa fahari, kana kwamba amesifiwa yeye.

"Shemeji," nikasema, "harusi ni ya dada au ya marehemu?"

Mpole akatabasamu. Akanipiga shavuni vikofi viwili vya utani. Cha kwanza kilikuwa cha utani kweli. Cha pili kiliniachia mlio sikioni.

Fundi hakuona, alikuwa ameinama anatafuta kwenye droo ya chini. Akatoa kisanduku kilichokwisha kufunguliwa. "Rangi hii haitengenezwi tena," akasema. "Nimebakiwa na hizi tu. Kisanduku nilikifungua kwa mteja mmoja."

"Zimeshavaliwa?" dada akauliza.

"Alizovaa alienda nazo. Hizi hazijaguswa."

"Alizipenda?"

Fundi akachukua tupa yake, akaanza kusugua kucha za dada ili gundi ishike. "Hakulalamika," akasema.

Akasogeza ukucha mmoja kwenye mdomo wa dada. Ulipotea. Sikuweza kuona ukucha unaishia wapi na nyama inaanzia wapi. Lazima niseme ukweli: pinki ile ilimpendeza kuliko zote. Vidole vilirefuka, ngozi ikang'aa. Mpole akaubusu mkono ule, akaenda zake kwenye mambo ya ukumbi.

Tulirudi nyumbani mchana. Mama alikuwa ametoka kwenda kusimamia wapishi. Tukakaa mezani kula, na nikasikia kitu kinakwaruza. Nikadhani panya. Nikainama chini ya meza.

Ulikuwa mkono wa dada, ule wa kulia. Ulikuwa unaparua ubao wa meza kwa chini, taratibu, na unga wa mbao ulikuwa unamwagikia mapajani. Mkono wa kushoto ulikuwa unaendelea kula.

"Dada, unafanya nini?"

Akatazama. Kijiko kikamwanguka.

Tukakimbilia jikoni. Tukaloweka vidole kwenye maji ya moto yenye sabuni na mafuta, kama fundi alivyotuelekeza kwa siku ya kuzitoa. Hazikulegea hata moja. Lakini maji yaligeuka rangi. Nikamshika vidole, nikavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya kila ukucha kulikuwa na ngozi. Vipande vidogo vya ngozi, na damu, na vinyweleo vifupi vya ndevu.

"Umemkwaruza nani?"

"Sijamgusa mtu," akanong'ona. "Tumekuwa wote tangu asubuhi."

Nikavisugua kwa mswaki wa zamani. Vikatakata. Nikageuka kumwaga maji. Niliporudi, ngozi ilikuwa imerudi palepale, mbichi.

Nikachukua kisu kidogo, nikajaribu kuubandua ukucha wa kidole gumba. Mkono ukanidaka. Ulinikamata kifundo cha mkono na kucha zikazama. Nilipiga kelele. Dada alikuwa analia, anauvuta kwa mkono wake wa pili, anaupiga kwenye sinki, na wenyewe haukuachia mpaka kisu kilipoanguka. Makovu ninayo, matano, na nikivaa saa yanafunikwa.

"Si mimi," akasema. "Mdogo wangu, naapa si mimi."

"Tuahirishe harusi."

"Kwa ajili ya kucha? Watu watanicheka maisha yangu yote. Kesho naolewa."

Na alikuwa anamaanisha. Dada yangu alikuwa amesubiri kuitwa mke kwa muda mrefu, na alikuwa tayari kuingia ndoani hata na mkono usio wake. Niliumia kumsikia. Nikamfunga kitambaa mkononi, nikaenda chumba cha nyuma kupiga pasi gauni, kwa sababu nisingefanya kitu ningepiga mayowe.

Mlango wa mbele ukabishwa. Nikasikia sauti ya Mpole sebuleni, na kiti kikivutwa. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, nikawa nawaona wote wawili kwenye kochi, jua limewapiga usoni.

"Umeumia?" akamuuliza.

"Kidogo tu."

Akakifungua kitambaa kwa upole. Akaushika mkono, akaugeuza, akazitazama kucha zile. "Sasa umekuwa mke wangu," akasema.

Mkono ukapanda. Ukamgusa kifua. Ukafika kwenye kola. Ukafungua kifungo cha juu, halafu cha pili, kama mtu anayemjua mumewe. Dada alikuwa anautazama mkono wake huku mdomo uko wazi. Mpole akacheka. Kola ikafunguka.

Shingoni alikuwa na makovu manne marefu, yamekauka zamani, yanashuka kutoka chini ya taya. Alishatuambia kuwa seng'enge ilimkwaruza utotoni, na hakuwahi kutuonyesha.

Vidole vinne vikalala juu ya makovu manne. Vikaenea sawasawa. Kila ukucha ukakaa kwenye mfereji wake.

Mpole akaacha kucheka.

"Toa mkono," akasema.

"Siwezi."

"Toa."

Mkono ukavuta. Nilisikia sauti ya ngozi ikichanika, sauti ya shuka kuukuu. Damu ikaruka kwenye mapazia, ukutani, usoni kwa dada. Mpole akampiga ngumi. Akampiga tena. Jino la dada likaanguka sakafuni, nikaliona linateleza. Mkono haukuacha. Ulikuwa unachimba. Akamwangusha chini, akamkalia kifuani, akamshika koo kwa mikono yote miwili, na akaanza kumgongesha kichwa sakafuni.

Na hakupaza sauti. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini mpaka leo. Alikuwa anaua huku ananong'ona.

"Tena? Unanikwaruza tena? Nilishakuzika. Nilishakuzika mimi mwenyewe. Lala."

Dada alikuwa amegeuka rangi. Miguu yake ilikuwa inapiga zulia. Kisha ikaacha kupiga.

Nilikuwa nimeshika pasi. Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka waya ulivyochomoka ukutani na kunichapa mguuni. Nikampiga pasi kichwani, upande wa sikio. Ikashika. Nikasikia nyama ikiungua. Akageuka kunitazama, na nikampiga tena usoni, na tena, na nilikuwa namtukana matusi ambayo mama hajui kama nayajua. Akajaribu kunikamata. Hapo mkono wa dada, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba, dada ambaye alikuwa amelala kama gunia, ukanyanyuka peke yake kutoka sakafuni. Ukaingia kooni kwa Mpole. Uliingia hadi kwenye viungo vya vidole.

Akaanguka mlangoni, juu ya viatu vya harusi.

Majirani walivunja geti. Mpole hakufa, ingawa nilimwombea afe. Alitoka hospitali akapelekwa gerezani bila sauti. Hata kunong'ona hawezi. Mwili wa mkewe wa kwanza ulifukuliwa, na daktari akaikuta shingo imevunjwa. Bafu halikabi mtu.

Fundi wa kucha alikuja hospitalini kumwona dada. Alipoambiwa marehemu mke wa Mpole alikuwa nani, alikaa chini kwenye korido na mwili wake wote, akaanza kulia.

"Mama wa marehemu alinifuata," akaniambia kwa sauti ndogo. "Kucha za mtoto wake zilikuwa zimevunjika zote, nyingine zimeng'oka. Mkwewe alikuwa amewaambia alijaribu kujishika ukutani wakati anateleza. Akaniomba nimfichie aibu ile kabla hajazikwa, kwa rangi aliyozoea. Nikamvutia mdomo nikapima, ingawa mdomo wenyewe ulikuwa umepauka. Nikambandika." Akajifuta pua. "Sisi mafundi tuna sheria. Kisanduku ulichofungulia maiti unakizika naye. Hakirudi kwenye droo. Lakini rangi ilikuwa nzuri na haipatikani tena. Nikasema, hizi hajazivaa, zina kosa gani?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikamletea maji.

Kucha zilimdondoka dada zenyewe siku aliyofumbua macho, moja baada ya nyingine, juu ya shuka. Ila mmoja. Wa kidole kidogo cha mkono wa kulia ulibaki. Daktari akaujaribu kwa dawa, akaujaribu kwa koleo, dada akapiga yowe. Akautazama kwa lenzi, akasema haujabandikwa. Unaota. Mpaka leo dada anaukata, na unarudi na pinki yake bila kupakwa kitu. Mkono wenyewe umetulia. Anapikia, anafulia, anasuka nywele zangu. Hajaolewa na hana haraka, na ule utani wangu wa zamani juu ya jambo hilo nimeuacha.

Mwezi uliopita alikuja mtu kuniposa. Si kama Mpole hata kidogo. Ni mwalimu, mcheshi, anacheka mpaka jirani anajua amecheka, shati lake vifungo viwili havifungwi. Nilimpenda. Asubuhi ile nilikaa dirishani nikajipaka rangi kucha zangu mwenyewe. Nilivuta mdomo wa chini mbele ya kioo, nikapima, nikachagua pinki yenye wekundu kidogo. Ilinikaa vizuri nikajisifu.

Dada akaleta chai. Akampa mgeni mkono, wakasalimiana, akacheka mzaha wake mmoja. Kisha akaniita jikoni.

Alikuwa amesimama kwenye mwanga wa dirisha, pale pale, amekinyoosha kile kidole kidogo.

"Nimempa mkono tu," akanong'ona. "Umeona mwenyewe. Sijamkwaruza."

Chini ya ukucha kulikuwa na ngozi. Mbichi, rangi ya mtu aliyekaa sebuleni, yenye vinyweleo vya ndevu zake. Na katikati ya ngozi ile kulikuwa na kipande cha ukucha uliovunjika, si wa dada. Dada akakitoa kwa ncha ya sindano, akakiweka kiganjani kwangu. Kilikuwa kimepakwa rangi. Pinki yenye wekundu kidogo.

Nikanyoosha vidole vyangu vyote kwenye mwanga. Kucha zote zilikuwa bado nzima.

Sebuleni mwalimu alikuwa anacheka peke yake na mzaha wake mwenyewe. Nikajifuta mikono, nikaenda kumwambia mgeni kwamba chai imekwisha.