Kwaheri ya Bibi Ishuq

– Rudisha nyuma. Nataka kusikia mwisho.

Chih-yuan akabonyeza simu. Sauti ya marehemu Bibi Ishuq ikajaa jikoni, ikitaja kwa Kithao, lugha ya kabila lake, majina ya wafu wa nyumba hii, yote kumi na mawili. Mezani kilikuwapo kikapu cha ukoo chenye nguo zao. Kesho, Mwaka Mpya, Apin, mjukuu wa Bibi, ndiye angesimama mbele ya kikapu hicho kuwaita. Tangu Bibi afe, mwezi mzima alikuwa akilia kwa sababu alijua majina saba tu.

– Ulimwapia Bibi kwamba hutamrekodi.

– Nilikosa, mpenzi. Lakini bila mimi yangepotea.

– Mwezi mzima unanifuta machozi, kumbe majina unayo mfukoni?

– Nilisubiri kitabu changu kitoke. Nimeandika habari za Kithao na lugha ndugu zake zote, mpaka kisiwa cha Bukini ng'ambo ya bahari. Watafiti wenzangu wangeniwahi.

Apin akacheka kicheko kikavu. Miaka minne ya uchumba, kumbe aliyekuwa akichumbiwa ni bibi yake!

– Na mwisho umeukata.

– Mwisho gani tena?

– Usinifanye mtoto, Chih-yuan. Bibi hakuwahi kuwaita wafu akawaacha wamesimama. Akishawapa pombe ya mchele, huwaaga. Kwaheri yake iko wapi?

Chih-yuan akainamisha kichwa.

– Apin, hayo achana nayo.

– Fungua, au toka.

Alifungua rekodi nyingine. Bibi aliwaaga wafu wake, akakohoa, kisha akasema: "Wewe kijana, simu yako naiona. Haya, chukua. Mjukuu wangu atayahitaji. Nikifa tu, mpe. Ukimficha, usimwoe."

Apin alimpenda mwanamume huyu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akavua pete, akaisukuma upande wa pili wa meza.

– Nitumie rekodi zote mbili. Halafu uende zako.

Usiku kucha alirudia majina yale mpaka koo likakauka.

Asubuhi vikapu vya nyumba zote vilipangwa uani. Apin akaita majina kumi na mawili bila kukwama, akamimina pombe, akawaaga wafu wake kwa maneno yaleyale ya Bibi. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Simu ikalia, ujumbe wa Chih-yuan: "Niko huku nyuma, kwenye watalii. Umeita vizuri sana. Na mimi je, Apin?"

Akaandika: "Wewe Bibi alishakuaga."