Mstari wa Ukurasa wa Sitini na Tatu

Kwenye ukurasa wa sitini na tatu kulikuwa na mstari mmoja ambao Eulalie hakuuandika. Ulisema: Niko hapa.

Aliufuta, akaendelea na kazi. Ilikuwa mwaka wa 1992, naye alikuwa katibu wa ofisi ndogo ya wakulima huko Nyalukemba, ofisi yenye ordinateri moja tu, kompyuta ya msaada. Programu ya kuandikia ilikuwa ya bure. Benoît, mwenzake wa ofisini, aliipata kwa rafiki wa Bujumbura, ndani ya disketi isiyo na jina. Kwa barua na ripoti fupi haikuwahi kuwasumbua. Lakini sasa Eulalie alikuwa anaandika kitabu kizima: habari za wachimba dhahabu wa Mwenga, alizokusanya Papa Théodore, mwalimu mstaafu, kwa miaka kumi na mmoja, katika madaftari kumi na tisa yaliyokwisha kuanza kuliwa na mchwa. Mzee hakuwa na nakala nyingine.

Kesho yake mstari ulikuwa umerudi, na kurasa nane zilizoufuata zilikuwa nyeupe.

"Ni programu," Benoît alisema. "Ya bure inabeba barua, haibebe kitabu. Ikipita kurasa makumi sita inachanganyikiwa. Kata ile kitabu, kila sura peke yake, uiweke mu disketi mbili. Na kila mangaribi uchape yenye umeandika."

Lilikuwa shauri zuri, na Eulalie alilifuata. Sura nne zilipita salama.

Sura ya tano, ya mwisho, ilieleza shimo lililoporomoka mwaka wa 1974. Humo Papa Théodore aliandika kwamba mdogo wake, Marcellin, alikufa papo hapo. Eulalie alipomaliza kuyaandika maneno hayo, harufu ya udongo mbichi iliingia chumbani, ingawa ilikuwa kiangazi, saa nne ya asubuhi, na madirisha yalikuwa wazi upande wa ziwa. Vidole vyake vilipata baridi. Alipoinua macho, maneno "alikufa papo hapo" hayakuwapo tena, na mahali pake paliandikwa: Niko hapa. Alifungua disketi ya kwanza, akakuta yaleyale. Akafungua ya pili, yaleyale. Akachapa karatasi, na karatasi ikatoka na yaleyale, ikiwa na unyevu kana kwamba imetolewa ardhini, na alipokuwa bado ameishika umeme ukakatika, kioo kikawa cheusi, mashini ya kuchapa ikanyamaza, na katika ukimya ule akasikia kitu kinagonga chini kabisa, chini ya meza, chini ya sakafu, ko, ko, ko, kikapumzika kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, kisha ko, ko, ko.

"Benoît," alinong'ona, "unasikia?"

Benoît alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. "Nasikia. Toka, maman. Toka polepole."

Walimwita Papa Théodore. Alifika kesho yake akitembea kwa fimbo, akaketi mbele ya ordinateri iliyozimwa. Kugonga kulipoanza hakuuliza ni nini. Alivua kofia yake.

"Ile ni nyundo," alisema.

Aliiweka kofia juu ya magoti, akaendelea.

"Marcellin hakukufa siku ile. Alipiga nyundo siku tatu mu shimo. Sisi wote tulisikia. Mimi ndiye niliambia watu warudi kwao, sababu niliogopa udongo itatumeza na sisi. Na maman yetu, nilimwambia mutoto wake hakuteseka."

"Maman yenu alijua ukweli?" Eulalie aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alikufa akiamini maneno yangu."

Eulalie alitaka kukimbia. Badala yake alivuta kiti, akawasha ordinateri, kwani umeme ulikuwa umerudi. "Basi, papa, tuandike hiyo."

Mzee alisema kwa saa mbili, bila kusoma daftari, naye Eulalie aliandika: siku ya kwanza nyundo ilivyopigwa kwa nguvu, siku ya pili ilivyopigwa moja moja, siku ya tatu jinsi yeye, kaka mkubwa, alivyolala kifudifudi juu ya udongo akasikia jina lake likiitwa, akainuka, akaondoka. Chini ya sakafu kugonga kulipungua kadiri alivyosema. Alipofika kwenye neno "nikaondoka," kukakoma.

Jioni ile kitabu kilifungwa na kufunguliwa mara nne. Hakuna herufi iliyopotea. Benoît aliunganisha sura zote, zikawa kurasa mia mbili na kumi na nane, na programu ya bure ikazibeba zote. Papa Théodore alichukua sura ya tano akapanda lori la Mwenga, kwenda kuwasomea ndugu zake.

Alirudi mwezi wa kumi, amekonda.

"Tulichimba," alisema. "Tulimupata, nyundo karibu na mukono. Tulimuzika pembeni ya maman."

"Tumshukuru Mungu, papa."

"Hakukuwa peke yake, maman Eulalie. Kulikuwa mwingine, kichwa chake iko kwa bega ya Marcellin. Hakuna mutu anamujua. Mu liste ya wafanyakazi wa siku ile, hakuna mwingine mwenye alipotea."

Eulalie aliwasha ordinateri ili aongeze habari za mazishi. Alishuka hadi ukurasa wa mwisho. Chini ya jina la Papa Théodore kulikuwa na mstari mpya.

Na mimi? Jina yangu nani ataandika?