Mkeka wa Shangazi Razanamavo

Jumamosi tuliyowatoa wafu wetu kaburini kuwavika sanda mpya, kama ilivyo mila yetu, ilikuwa ya baridi ya Julai. Tarumbeta zililia tangu asubuhi, na wali ulikuwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta ya kumwangusha dume la ng'ombe. Kila mtu alifurahi isipokuwa shemeji yangu Mihaja, kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa hajapata usingizi kwa siku kumi na nne, na alihakikisha hakuna asiyejua.

Niseme wazi, sikumpenda. Mihaja alikuwa mwalimu, mtu wa kusoma karatasi mbili akajiona kaimaliza dunia. Zahanati walimpa ushauri, yeye akaugeuza mahubiri. Kahawa mwisho adhuhuri. Saa igeuziwe ukutani usiitazame. Miguu iloweshwe kwenye beseni la maji ya moto. Ukikosa usingizi usibaki kitandani, hamia chumba kingine. Ushauri mzuri, sina ubishi nao. Ila aliyechemsha maji ni mkewe, Voahangy, na aliyeamshwa kila saa kuambiwa "bado sijalala" ni Voahangy huyohuyo.

Kwetu, wafu wakishavikwa, wanawake hugombania vipande vya mikeka ya zamani ambayo wafu hao walilazwa juu yake. Anayetaka mtoto huweka kipande chini ya godoro. Voahangy alikuwa na miaka saba ya ndoa na hajawahi kubeba mimba. Mimi ndiye niliyemsukuma kwenye lile kundi, akatoka amechubuka viwiko, mkononi kipande cha ukubwa wa kiganja. Kilikuwa cha mkeka wa Shangazi Razanamavo, dada wa baba yao Mihaja, aliyekufa miaka kumi na miwili nyuma. Alikikumbatia akilia kwa furaha.

Jioni Mihaja alikichomoa mkononi mwa mkewe.

"Shangazi alikuwa analala hadi kanisani," alisema. "Usingizi wote wa ukoo huu umo humu."

"Hicho ni cha wanawake," nikamwambia. "Na ni cha mtoto. Mrudishie mkeo."

"Shemeji, wewe angalia wali wako."

"Mihaja, tafadhali," Voahangy alinong'ona.

"Mtoto atakuja nikishalala. Maiti anataka usingizi wa nini?"

Akakiweka chini ya mto wake. Usiku ule alikoroma hadi ng'ambo ya bonde. Siku ya pili aliamka adhuhuri, akajisifu mbele ya kila aliyepita. Siku ya tatu hakuamka.

Tulimwita, tukamtikisa, tukammwagia maji. Daktari wa mjini alimpima moyo na mapafu, akasema vyote vizima, akaandika vitamini. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Usiku huo nililala na Voahangy chumba cha pili ili asiogope. Karibu na alfajiri alinigusa bega.

"Dada. Umechemsha maji?"

"Hapana."

Kule chumbani kwa Mihaja maji yalikuwa yakisukwasukwa. Taratibu. Kama mtu anayelowesha miguu. Kisha mguno. Wa mzee. Aliyechoka. Hatukutoka.

Kulipokucha tukafungua mlango. Mihaja amelala vilevile. Beseni lilikuwa kando ya kitanda, maji yake bado vuguvugu. Chini umetuama udongo mwekundu, uleule tuliozibia mlango wa kaburi. Na saa, ambayo jana yake niliigeuza mwenyewe ili nione muda, ilikuwa imetazama ukuta.

Tulipekua mto, foronya na godoro. Kipande cha mkeka hakikuwepo.

Tukaenda kwa mnajimu kuomba kaburi lifunguliwe tumtulize Shangazi, maana kaburi letu halifunguliwi bila yeye kutaja siku, na anayelifungua kabla ya siku huita kifo kingine. Alihesabu, akasema hadi miaka saba ipite.

"Na cha kumrudishia mnacho?" akauliza.

Hatukuwa nacho.

Huu ni mwezi wa nane tangu alale. Mihaja amenenepa. Voahangy humlisha maji ya ukoko wa wali kwa kijiko, humgeuza ubavu, humnyoa ndevu. Voahangy ana miaka thelathini na minne. Kaburi likifunguliwa atakuwa na arobaini na mmoja, na mtoto wake atakuwa ameliwa na usingizi wa mwanaume mmoja. Hilo ndilo linaloniuma. Yule alitaka usingizi, anao. Namdharau hata akiwa amelala.

Lakini Shangazi hajaupata wake. Kila alfajiri maji husukwasukwa. Mwezi uliopita tulikuta kopo la kahawa limewekwa nje ya mlango, kwenye umande. Mume wangu ananung'unika, ila mimi kila usiku nalala na Voahangy, mlango tumeufunga kwa komeo.

Jana hatukusikia maji. Tulilala vizuri, tukaamka jua limetoka. Beseni lilikuwa kavu. Nyayo za udongo mwekundu, ndogo, zilitoka kando ya kitanda cha Mihaja, zikavuka ukumbi, zikaja hadi mlangoni kwetu. Komeo nililikuta limefungwa vilevile kabla ya kutoka.

"Dada," Voahangy alinong'ona nyuma yangu. "Njoo uone."

Kitandani, katikati ya pale nilipolala mimi na pale alipolala yeye, godoro lilikuwa limebonyea. Niliweka mkono. Palikuwa pa baridi, na shuka lilikuwa na udongo.